Kutoka Sabuni hadi Pesa za Simu

Msomaji, asili ya kazi nyingi imepotea katika giza la zamani. Hapana awezaye kutuambia nani alikuwa mhunzi wa kwanza, wala ni nahodha gani aliyetangulia kusafiri kwa pepo za kaskazi. Lakini ziko kazi changa ambazo siku ya kuzaliwa kwake yajulikana, kama ijulikanavyo siku ya kuzaliwa kwa mtoto aliyeandikishwa serikalini. Kazi ninayotaka kukueleza ni mojawapo ya hizo. Huitwa kazi ya meneja wa bidhaa, na siku hizi hutajwa sana miongoni mwa watu watengenezao programu za kompyuta na za simu. Pengine umekwisha kulisikia jina hilo kwa ndugu yako aliye mjini, usijue maana yake. Sikulaumu, kwa kuwa hata wengi waifanyao kazi hiyo hushindwa kuwaeleza mama zao.

Jina lenyewe hupoteza watu. Asikiapo neno meneja, mtu hufikiri juu ya meza kubwa na watumishi wanaoamriwa. Meneja wa bidhaa aghalabu hana mtu wa kumwamuru. Waandishi wa programu wana mkubwa wao, wachoraji wana wao, na wauzaji wana wao. Kazi yake yeye ni kujua jambo moja kuliko wenzake wote: kwamba kitu hiki kinachotengenezwa ni cha nani, kitamwondolea taabu gani, na katika mambo mia yawezayo kutiwa ndani yake ni lipi lianze na yapi yaachwe. Akikosea katika hilo, waandishi hodari wataandika kwa miezi mingi programu nzuri ambayo hapana anayeihitaji.

Maarifa ya kazi hii hayakutungwa kwanza na walimu, ndipo watu wakayatenda. Yalipatikana kwa kujaribu na kukosea, na moja katika makosa yaliyozaa manufaa makubwa lilitokea hapa kwetu Kenya, kati ya Nairobi na Thika. Nitafika huko. Lakini hatuna budi kuanza kwa sabuni.

Tarehe 13 Mei 1931, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, kijana wa miaka 26 aitwaye Neil McElroy aliwaandikia wakubwa wake waraka wa kurasa tatu. Alikuwa mtu wa idara ya matangazo katika kampuni ya Procter & Gamble, na kampuni hiyo ilikuwa na sabuni kongwe, Ivory, iliyopendwa tangu karne iliyotangulia, na sabuni changa, Camay. McElroy alishughulika na Camay. Akaona kwamba sabuni yake haishindani na sabuni za kampuni nyingine tu. Yashindana pia na dada yake wa nyumba moja, na macho ya wote nyumbani yalikuwa kwa mkubwa. Camay ilikuwa kama mtoto katika nyumba yenye wazee wengi, ambamo kila mzee adhani mwenziwe amekwisha kumlisha.

Waraka wake uliomba kwamba kila sabuni iwe na mtu wake, mtu atakayeulizwa habari zake zote, njema na mbaya. Mtu huyo atazame hesabu za mauzo mahali kwa mahali. Palipo na mauzo mema ajue sababu yake. Palipo na mauzo mabaya asiketi ofisini akakisia, bali asafiri, aseme na wenye maduka na wanunuzi mpaka aujue ugonjwa wenyewe. Kisha atunge dawa ya mahali hapo, na baadaye apime kama dawa imeponya. Ukumbuke kwamba mwaka ule wa 1931 Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na watu waliachishwa kazi kila mahali. Naye kijana huyu alikuwa akiomba watu waongezwe. Walakini wakubwa wake walimkubalia, na desturi hiyo ikaenea katika kampuni nyingi.

McElroy mwenyewe alipanda mpaka akawa mkuu wa kampuni, na toka mwaka 1957 hadi 1959 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Katika wakati wake, mwaka 1958, wizara hiyo ilianzisha shirika la utafiti ambalo baadaye, mwaka 1969, liliunganisha kompyuta za mbalimbali kwa mtandao mmoja, na mtandao huo ndio mzazi wa intaneti. Sisemi kwamba mtu wa sabuni aliumba intaneti. Lakini naona ni jambo la kuchekesha kwamba njia ya sabuni na njia ya kompyuta zilikutana mlangoni pa mtu mmoja, naye hakujua.

Kwa muda mrefu mambo haya yalikuwa ya sabuni, mafuta ya kupikia na vitu vingine vya dukani. Programu za kompyuta hazikuhesabiwa kuwa bidhaa. Kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na aliyeipata alipewa programu pamoja nayo, kama anunuaye taa apewavyo utambi. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itaanza kuziuza programu zake mbali na mitambo. Tangu hapo programu ikawa kitu chenye bei yake. Na kitu chenye bei kina mnunuzi, na mnunuzi ana matakwa.

Mtu aliyezileta desturi za sabuni katika nyumba ya programu, kwa namna iliyo dhahiri kuliko wengine, alikuwa Scott Cook. Yeye aliwahi kufanya kazi katika kampuni ileile ya McElroy. Mwaka 1983 alishirikiana na mwanafunzi mmoja, Tom Proulx, wakaanzisha kampuni ya Intuit huko California. Mke wa Cook alikuwa akilalamika juu ya taabu ya kulipa madeni ya nyumba na kutunza hesabu zake, na programu yao, Quicken, ilikusudiwa kuiondoa taabu hiyo. Baadaye watumishi wa Intuit walianza desturi ya kusimama madukani, wakangoja mtu anunue Quicken, kisha wakamwomba ruhusa wamfuate nyumbani kwake wamtazame akiifungua na kuitumia kwa mara ya kwanza. Walikwenda kutazama, hawakwenda kufundisha.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lifikiri. Mtu muungwana akikwama mbele ya mtambo hujilaumu. Husema, "Niwie radhi, mimi sikusoma mambo haya." Ukimwuliza kesho kama alipata taabu, atakuambia hapana, maana haya yamemshika au hataki kukuvunja moyo. Kwa hiyo ukitegemea maneno yake peke yake utarudi ofisini umefurahi, na programu yako itabaki mbovu. Lakini ukiketi kando yake ukauona mkono wake ukisita, basi umepata habari ambayo asingekupa kwa kinywa.

Hata hivyo Cook na wenzake, pamoja na macho yao yote, walikawia kuliona jambo kubwa lililokuwa mbele yao. Walipowauliza wanunuzi wa Quicken wanaitumia wapi, wengi walijibu kwamba wanaitumia katika biashara zao. Jibu hilo halikupatana na mpango, kwa kuwa Quicken ilikuwa ya hesabu za nyumbani. Wakaliona kuwa ni kosa la namna fulani, wakaliacha, na miaka ikapita. Walipokwenda kulichunguza waligundua kwamba wenye maduka na karakana ndogo hawakutaka programu za kihasibu zilizojaa maneno ya kihasibu. Walitaka kitu rahisi cha kuwaonyesha nani anawadai na nani wanamdai. Hapo ndipo ilipotoka QuickBooks, mwaka 1992. Nakuomba uliweke moyoni jambo hili, la watu kukitumia kitu kwa namna ambayo mwenye kukitengeneza hakuikusudia, maana sasa tunarudi nyumbani, nako tutalikuta tena.

Mwanzoni mwa karne hii pesa za mjini zilifika mashambani kwa njia zenye mashaka. Mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kumpelekea mama yake shilingi 2,000 huko Siaya au Kitui alikwenda posta, au alimpa dereva wa basi bahasha, au alimngoja jamaa aendaye nyumbani. Basi laweza kupata ajali. Na jamaa aweza kushikwa na kiu njiani, kiu hiyo ikaimaliza bahasha. Benki zilikuwako, lakini uchunguzi uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, 19 tu ndio waliokuwa na akaunti.

Ungedhani kwamba waliotengeneza M-Pesa waliiona taabu hiyo, wakakusudia kuiondoa. La. Walikusudia jambo jingine kabisa. Nick Hughes, wa kampuni ya simu ya Vodafone huko Uingereza, aliomba msaada katika mfuko wa serikali ya nchi yake uliowekwa kwa ajili ya kupeleka huduma za fedha kwa maskini. Mfuko ukatoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikatoa kiasi kama hicho. Mahali pa kujaribia palichaguliwa Kenya, kwa sababu Safaricom, kampuni ambayo Vodafone ilikuwa na fungu ndani yake, ilikuwa na nguvu huku. Na jambo la kujaribiwa lilikuwa mikopo midogo.

Mikopo hiyo ilikwenda hivi. Watu wenye biashara ndogo walijikusanya vikundi, wakadhaminiana, wakakutana kila mara kuleta marejesho. Pesa zilihesabiwa mbele ya wote, zikaandikwa, kisha zikapelekwa benki. Saa za biashara zilipotea katika mikutano, na aliyezibeba pesa alibeba hatari pia. Basi mpango ulikuwa kwamba mkopaji apokee mkopo kwa simu na kuulipa kwa simu, akimpa wakala wa dukani pesa taslimu au kuzichukua kwake. Shirika la mikopo lililoshirikishwa lilikuwa Faulu Kenya. Mpango huo ulikuwa mwema. Ulikuwa na sababu, ulikuwa na fedha, na waliouongoza walikuwa watu wenye elimu. Nasema hivyo ili usije ukawacheka, kwa maana mpango mbaya ukianguka hautufundishi mengi.

Mwaka 2005 Susie Lonie, naye wa Vodafone, alikuja Nairobi kuyaongoza majaribio. Yalianza tarehe 11 Oktoba mwaka huo, kwa wateja wasiozidi 500 hivi na maduka 8 ya mawakala, katikati ya jiji la Nairobi, Mathare, na Thika. Wateja walipewa simu. Wengi hawakuwa wamepata kuitumia simu kwa lolote ila kupiga na kupokea. Kuingia katika orodha ya maneno madogo kwenye kioo, kuchagua moja, kuandika kiasi cha pesa na kisha nambari ya siri, yote hayo yalikuwa mageni kwao. Mafunzo yalichukua muda mrefu kuliko ilivyofikiriwa. Nambari za siri zilisahauliwa. Taratibu za kikundi cha mkopo nazo hazikulingana na mtambo: shirika lilihitaji kujua kila shilingi ni ya mkopo wa nani, na kuzihamisha hesabu hizo katika vitabu vyake kulileta kazi nyingi ya mkono.

Kisha yakaanza kuonekana mambo ambayo hayakuwamo katika mpango. Wenye biashara kubwa kidogo waliweka mapato yao kwa wakala jioni, benki zikiwa zimekwisha fungwa, wakazichukua asubuhi. Kwao M-Pesa ilikuwa sanduku la kulaza pesa. Mtu asafiriye kati ya Nairobi na Thika aliweka pesa kwa wakala wa huku, akapanda gari mikono mitupu, akazichukua kwa wakala wa kule baada ya saa chache. Kwake ilikuwa kinga ya wezi. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa pesa zilizomo katika simu, wakawapelekea jamaa zao wa mashambani kama zawadi. Wengine walimlipia mwenzao mkopo wake kama ujira wa kazi aliyowafanyia. Na mama mmoja, ambaye mumewe aliibiwa akiwa mbali, alimtumia pesa za nauli kwa simu ili aweze kurudi nyumbani.

Hebu, msomaji, jiweke mahali pa watu wale. Umepewa fedha za serikali ya nchi yako kwa ajili ya mikopo. Umeandika mpango, wakubwa wako wameutia sahihi, na shirika la mikopo limekubali kukushirikisha. Na sasa wateja wako wanatumia mtambo kwa kulaza pesa, kukwepa wezi na kuwarudisha waume nyumbani. Ungefanyaje? Mtu aliyelewa mpango wake angesema kwamba wateja wanaharibu majaribio. Angewazuia kwa sheria, akaongeza mafunzo. Mtu mvivu angehesabu marejesho ya mikopo peke yake, kwa kuwa ndiyo aliyoagizwa kuyahesabu, na mama yule na mumewe wasingeonekana katika hesabu yake popote.

Wao waliwasikiliza wateja. Mwisho wa majaribio, mwaka 2006, walikuwa wamejua kwamba mkopo kwa simu ni mzigo, na kwamba jambo ambalo watu walilipenda bila ya kufundishwa ni kumtumia mwenzao pesa. Waliamua kuacha sehemu ya mikopo, iliyokuwa ndiyo sababu ya mtambo kutengenezwa, na kuiweka mbele sehemu ambayo mwanzo ilikuwa ya kando. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom iliifungulia huduma nchi nzima, na tangazo lake lilikuwa na maana ya maneno matatu tu: tuma pesa nyumbani.

Yatazame maneno hayo. Mkopo haumo, wala simu haimo, wala uhodari wa wahandisi haumo. Yamo matakwa ya mfanyakazi yule mwenye bahasha. Walimu wa kazi hii hutumia siku nyingi kuwafundisha wanafunzi wao kuandika sentensi moja ya namna hiyo, inayosema kitu ni cha nani na kinamfaa nini, na mwanafunzi aghalabu huleta kurasa kumi. Si kwa sababu hajui kuandika. Ni kwa sababu hajachagua.

Kuchagua huuma, maana kila kinachokatwa kina mtu anayekipenda. Siku ya kufunguliwa, M-Pesa iliweza mambo machache: kuweka pesa, kuzitoa, kumtumia mtu, na kununua muda wa maongezi. Kuweka pesa hakukulipiwa. Kumtumia aliyejiandikisha kulitozwa shilingi 30, bei ambayo mtu aweza kuikumbuka bila ya karatasi. Pesa nyingi kuliko shilingi 35,000 hazikutumwa kwa mara moja. Na yote yalitendeka katika simu ya bei rahisi kabisa, kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa kubadilisha laini tu. Wahandisi wangeweza kuongeza mapambo mengi. Lakini programu inayodai simu ya gharama ingekuwa programu ya watu ambao tayari walikuwa na benki.

Liko jambo moja ambalo hapana mwandishi wa programu awezaye kuliandika, nalo ni imani. Mzee aliyetoa noti zake akamkabidhi kijana wa dukani, akapewa maneno katika kioo cha simu, alihitaji sababu ya kuamini kwamba maneno yale ni pesa. Kwa hiyo meneja wa bidhaa alipaswa kushughulikia mambo yasiyokuwa ya kompyuta hata kidogo: daftari la wakala ambamo mteja alitia sahihi, ujumbe uliofika mara moja kuthibitisha, ujira wa wakala ili asichoke kufungua duka, na pesa taslimu za kutosha katika droo yake, maana wakala akisema "leo sina pesa" mara mbili, mteja harudi mara ya tatu. Pesa zote za wateja ziliwekwa benki katika akaunti ya amana ambayo Safaricom haikuruhusiwa kuigusa kwa matumizi yake, na Benki Kuu ya Kenya ilielezwa mambo hayo kabla ya huduma kufunguliwa. Jambo hilo lilikuja kuwafaa. Mwishoni mwa mwaka 2008, huduma ilipokuwa imekua sana, serikali iliagiza ichunguzwe, na uchunguzi ulipokwisha mapema mwaka 2009 iliachwa iendelee. Watu wengi husimulia habari za M-Pesa kama habari za simu. Mimi nadhani zaidi ni habari za daftari na droo.

Labda utaniuliza jinsi mwanafunzi asiyekuwa na kompyuta awezavyo kuanza kujifunza kazi hii. Kwa siku za kwanza kompyuta yaweza hata kukuzuia. Chukua daftari, omba ruhusa, uketi alasiri moja karibu na mahali watu wapangapo foleni: bombani, zahanati, ofisi ya karani wa karo, au kwa wakala wa kijiji chenu. Usiwaulize watu wanataka nini. Watakuambia wanataka foleni iwe fupi, nawe hutakuwa umejua lolote. Andika wanalofanya. Andika hasa hila walizozibuni wenyewe, jiwe lililowekwa kushika nafasi ya ndoo, kijikaratasi kilichobandikwa juu ya maandishi rasmi, nambari iliyoandikwa kiganjani. Kila hila ya namna hiyo ni mtu aliyekwisha kuitengeneza bidhaa kwa mikono yake kwa sababu aliyepaswa kumtengenezea hakuja. Ukirudi nyumbani, chagua taabu moja, uiandike kwa sentensi moja, umsomee mmoja wa watu uliowaona. Akitikisa kichwa, futa uanze tena. Mwanafunzi mwenye subira ataandika sentensi hiyo mara nyingi kabla hajafikiri juu ya programu, na mara nyingine atagundua kwamba programu haihitajiki, yatosha kulisogeza dirisha.

Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamejiandikisha. Sina haja ya kukueleza yaliyofuata, maana umezaliwa ndani yake. Lakini katika habari za namna hii twapenda kusimama penye furaha, na haingekuwa haki. Mkopo ulioachwa mwaka 2006 ulirudi. Mwezi Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, na mwaka 2019 ikaja Fuliza, na kando yake yakazuka makampuni mengine mengi ya kukopesha kwa simu. Mtu aliyekuwa akikutana na wenzake kila wiki, wakamjua na kumwuliza atautumiaje mkopo, sasa hukopa saa sita ya usiku bila ya mtu kumwona. Mwingine hukopa kucheza kamari katika simu ileile. Mtengenezaji aliyejua kutazama wanalofanya watu ataliona hilo pia katika hesabu zake, na hesabu hizo huonekana nzuri: wateja wengi, mikopo mingi, faida nyingi. Je, mwandishi wa hesabu ameweka wapi nyumba ambayo karo imechezewa kamari? McElroy alitaka mtu mmoja aulizwe habari zote za sabuni yake, njema na mbaya. Sioni kwa nini mtu wa programu aulizwe nusu.

Wala usidhani kwamba wenye ujuzi huu wakishinda mara moja hushinda popote. Mwaka 2008 Vodacom iliifungua M-Pesa Tanzania. Jina lilikuwa lilelile, na lugha ilikuwa Kiswahili. Ungesema kwamba kazi imekwisha kufanywa. Lakini katika miezi 14 ya kwanza, ambayo kwayo Kenya ilikuwa imepata wateja zaidi ya milioni mbili, Tanzania ilikuwa haijafikisha laki tatu. Sababu zilikuwa ardhini. Huku Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa ya wenye simu. Kule Vodacom ilishindana na kampuni kadhaa zenye nguvu. Huku mtu mzima alikuwa na kitambulisho cha taifa cha kumwonyesha wakala. Kule vitambulisho hivyo vilikuwa bado havijatolewa. Nchi ni pana, watu wake wametawanyika, na mawakala walikuwa wachache na wa mbali. Iliwalazimu wenye kazi kuanza tena kutazama, wakawapanga upya mawakala wao, na baada ya miaka huduma ikasitawi huko nako.

Afrika Kusini haikuwa hivyo. Vodacom ilianza huko mwaka 2010 pamoja na benki ya Nedbank, ikitumaini kupata wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Lakini wengi wa watu wa nchi ile walikuwa na akaunti za benki tayari, na aliyetaka kumtumia mama yake pesa aliweza kufanya hivyo kwa njia nyingine, hata katika maduka makubwa ya vyakula. Mwaka 2014 ilijaribiwa tena kwa sura mpya. Walioendelea kuitumia hawakufika laki moja, na tarehe 30 Juni 2016 huduma ilifungwa.